Jibu kwa mwenye malori: kwa nini dereva anakata waya wa GPS

Swali: Nina malori saba yanayobeba mizigo ya transit kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka na Lubumbashi. Mwaka huu nimeyafunga GPS, sensa ya mafuta ndani ya tangi, na kamera mbili, moja inatazama barabara na nyingine inamtazama dereva. Tangu hapo ni ugomvi. Kamera ya ndani inafunikwa kwa kofia, dereva wangu mkongwe kuliko wote ameacha kazi, na mmoja nimembaini amekata waya kwa kisu akiwa kwenye foleni ya Tunduma. Wenzangu wenye magari wananiambia madereva wetu hawapendi teknolojia, nivumilie, watazoea. Ni kweli? Na huyu wa kisu nimfukuze? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hao wenzako, maana ushauri wao ndio utakaokugharimu zaidi.

Panda kwenye kichwa cha lori lako lolote, utazame vitu ambavyo hukuvinunua wewe. Utakuta simu janja imeshikizwa kwenye dashibodi, pengine mbili, moja ya laini ya Tanzania na nyingine ya Zambia. Ndani ya simu kuna magrupu ya WhatsApp ambamo dereva aliyeko Nakonde anamwambia mwenzake aliyeko Makambako foleni imefika wapi, mzani gani leo una msururu, na wapi barabara imezibwa na gari lililolala. Bando analipa mwenyewe, na hakuna kampuni iliyompeleka semina. Mtu anayechukia teknolojia haishi hivyo.

Au chukua gia za otomatiki. Zilipoanza kuingia kwenye malori makubwa, wakongwe wengi walizidharau: gari litajichaguliaje gia kwenye mlima Kitonga na mzigo wote ule mgongoni? Leo aliyekwisha kuzoea gari la namna hiyo hataki kusikia habari ya kukanyaga klachi kutwa nzima. Hakuna aliyemhubiria. Goti lake ndilo lililomhubiria.

Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis alieleza kwamba mtu huamua kuikubali teknolojia kazini kwa kupima mambo mawili: itanisaidia, na je, ni rahisi kuitumia? Nadharia hiyo imetumika mno vyuoni, na kwa simu ya dereva inatosha. Lakini Davis alikuwa akiwafikiria watu waliokaa mbele ya kompyuta zao. GPS yako haimwombi dereva aitumie. Yeye anaibeba tu, nayo inapeleka habari zake kwako. Kwa kifaa cha aina hiyo dereva anajiuliza swali la tatu, ambalo kwangu mimi linazidi yale mawili: siku tukigombana na tajiri, habari hizi zitamtetea nani? Kipitishe kila kifaa ulichofunga kwenye swali hilo, utaona mwenyewe kwa nini kimoja kinakatwa na kingine hakiguswi.

Ulaya iliupitia ugomvi huu zamani. Kifaa chao kinaitwa takografu, kinarekodi mwendo, saa za kuendesha na saa za kupumzika. Madereva wa Uingereza walikibandika jina la jasusi wa kabini, vyama vyao vikapinga, na serikali yao ikagoma kukifanya cha lazima mpaka mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ilipoihukumu mwaka 1979. Leo dereva wa huko anaendesha saa 4 na nusu, anapumzika dakika 45, na kwa siku hazidi saa 9, isipokuwa mara mbili kwa wiki anaruhusiwa 10. Ofisi ikimpigia simu asukume kidogo tu mzigo uwahi, ana jibu ambalo baba yake hakuwa nalo: saa zangu kwenye kadi ya takografu zimekwisha, nikisogea tunakamatwa wote wawili. Na kweli ni wote wawili, kwa sababu sheria yao ya mwaka 2006 inaibebesha kampuni makosa ya dereva wake, na inamkataza mwajiri kulipa kwa umbali au kwa wingi wa mzigo pale ambapo malipo hayo yanamsukuma dereva avunje masharti. Jasusi alipoanza kumchunguza na tajiri pia, dereva alipata sababu ya kumvumilia.

Marekani walikwenda njia nyingine, na hapa nakuomba usome taratibu kwa sababu wewe umeifuata njia hiyo bila kujua. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya huko yanalazimika kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachohesabu saa za dereva badala ya daftari la mkono. Kiwango ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10. Madereva wenye magari yao walipeleka kesi mahakamani, wakashindwa. Malipo lakini hayakuguswa: wengi waliendelea kulipwa kwa maili. Dereva akikalishwa saa nne kwenye ghala akisubiri kupakua, saa zile zinaliwa kutoka kwenye zile 14, na mara nyingi halipwi hata senti. Watafiti waliokagua rekodi za ukaguzi na ajali baada ya sheria kuanza walikuta kwamba uvunjaji wa saa ulipungua sana, ila ajali hazikupungua, na kwenye kampuni ndogo makosa ya mwendo kasi yaliongezeka. Dereva alikuwa anatafuta zile saa zilizomponyoka, na sehemu pekee ya kuzipata ilikuwa kwenye mguu wake wa kulia.

Huku kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kuona jambo lile lile. Kenya ilipolazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu na mabasi mwaka 2004, enzi za waziri John Michuki, mafundi wa kuvichokonoa walipatikana upesi kuliko wa kuvifunga. Kwenye mabasi yetu ya mikoani, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wa VTS unaofuatilia mwendo wa basi, na ukomo ni hizo hizo kilomita 80. Ukimsikiliza dereva wa basi, malalamiko yake si kifaa chenyewe. Anasema ratiba ilipangwa na mtu, abiria wanapiga kelele, tajiri anapiga simu kuuliza mbona bado, halafu kifaa kinamhesabia dhambi yeye peke yake. Nami naongeza, japo wenye mabasi hawatanipenda: kifaa cha mwendo kikichezewa, usianze kumtazama dereva. Uliza kwanza ni nani anafaidika gari likifika mapema na kugeuza.

Sasa tuje kwenye malori yako. Umefunga vifaa vitatu siku moja ukavipa jina moja, teknolojia. Kwa dereva ni mambo matatu yasiyofanana.

GPS ndiyo nyepesi. Madereva wa transit wamezoea kufuatiliwa. Lakiri ya kielektroniki ya TRA, ule muhuri unaofunga kontena, inasafiri na mzigo wao na hawaikati, si kwa kuogopa faini tu, bali pia kwa sababu kontena likifika pungufu wanaweza kuonyesha kwamba halikufunguliwa njiani. Swali ni wewe unaitumiaje. Kama GPS inakusaidia kupiga simu saa nane usiku kuuliza mbona gari limesimama, umemnyang'anya usingizi mtu unayemtaka awe macho kesho kwenye mteremko wa Kitonga. Na kuna upande wa pili wa rekodi hiyo hiyo. Inaonyesha kwamba gari lilikaa siku kadhaa kwenye foleni Tunduma au Kasumbalesa, na siku kadhaa tena likisubiri kushusha. Posho ya safari uliipanga kwa siku ngapi? Ikiwa siku za foleni anakula kwa mfuko wake huku ushahidi uko kwenye kompyuta yako, basi kila unapoitaja GPS unamkumbusha deni. Walipe siku za kusubiri kwa kufuata GPS, nawe uitumie rekodi hiyo hiyo kumdai mwenye mzigo gharama za kuchelewesha gari. Katika kila nililoandika hapa, hili ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote.

Sensa ya mafuta ni habari nzito zaidi, na tusidanganyane: mafuta yanauzwa njiani, wewe unajua na mimi najua. Lakini kabla hujamwita mtu mwizi, ielewe sensa yenyewe. Haipimi lita. Inapima kimo cha mafuta pale ilipochomekwa, halafu programu inabadilisha kimo kuwa lita kwa jedwali lililoandikwa siku ya kufunga. Kama sensa iko mwisho mmoja wa tangi na gari limeegeshwa kwenye mwinuko, mafuta yanakimbilia upande mmoja na grafu inashuka ghafla bila tone kutoka. Gari likitulia kwenye tambarare, lita zinarudi. Anayesoma grafu ofisini anaona wizi na kisha muujiza.

Na joto nalo. Dizeli hutanuka takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Injini inapofanya kazi, mafuta yasiyochomwa yanarudi tangini yakiwa ya moto, kwa hiyo tangi la gari lililotoka Dar es Salaam kutwa nzima lina joto. Liegeshe usiku Makambako kwenye baridi ile. Lita 400 zikipoa kwa nyuzi 20, kipimo kinashuka karibu lita 6 na nusu, usiku, gari likiwa limezimwa, dereva akiwa amelala. Ndiyo picha ile ile unayoitafuta ya mtu aliyenyonya mafuta. Ukimkata mshahara dereva mmoja tu kwa lita hizo ambazo hakuzichukua, wote saba watajua kabla gari halijafika Mpemba, na kuanzia hapo hata grafu ya kweli haitaaminika.

Cha kufanya: rudia kupima matangi, na safari hii dereva wa gari husika awepo. Tangi likaushwe, mjaze lita 20 kwa 20 kwenye uwanja ulionyooka, kila hatua aione namba kwenye skrini na muandike wote. Tangi refu liwekewe sensa mbili, au moja ihamishiwe katikati. Kubalianeni ni lita ngapi za kupanda na kushuka ambazo hazitaulizwa. Kisha, na hapa huenda ukanuna, itazame upya posho. Kwa madereva wengi fedha ya mafuta ilikuwa inaziba pengo la foleni ambalo posho haikulifika. Simtetei anayeiba. Ninachosema ni kwamba ulipoliziba tundu hilo bila kugusa posho, kwa hesabu za nyumbani kwake umempunguzia kipato, na hakuna mfanyakazi wa taaluma yoyote anayeshangilia kifaa kilichompunguzia kipato. Kampuni zinazogawana na madereva sehemu ya mafuta yaliyookolewa kila mwezi hazina kazi kubwa ya kulinda nyaya. Dereva mwenyewe ndiye anayeuliza grafu yake inasemaje.

Kamera ya barabarani iache. Gari kubwa likigongana na bodaboda, lawama ya kwanza inapanda kwenye gari kubwa kabla trafiki hajafika, na dereva anajua. Mpe haki ya kuomba nakala ya video yake wakati wowote, hata kama ni kesi yake binafsi na polisi. Atakapoona kwamba imemwokoa mwenzake mmoja, utasikia wakilalamika ikiharibika.

Ile ya ndani iondoe. Nasema hivyo nikijua wauzaji wake watakuonyesha mifano ya inayotambua usingizi kwa kutazama kope. Teknolojia hiyo ipo na inafanya kazi kiasi, ingawa miwani ya jua na mwanga wa pembeni huichanganya, na kengele inayolia ovyo mtu huizoea kama anavyozoea jogoo wa jirani. Shida yangu ni nyingine. Kabini ya lori la transit ni chumba cha kulala cha mtu. Anabadilishia nguo humo, anaswalia humo, anaongea na mkewe humo. Hakuna ofisi Dar es Salaam ambayo bosi angethubutu kutundika kamera chumbani kwa mhasibu wake. Marekani, madereva wa UPS, kampuni ya kusambaza vifurushi, kupitia chama chao cha Teamsters waliliweka jambo hili kwenye mkataba wa mwaka 2023, kamera za kumtazama dereva zikakataliwa. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu kitandani kwake ni taarifa binafsi hata kama kitanda kiko ndani ya gari lako. Ikiwa mwenye mzigo anakushurutisha uwe nayo, basi irekodi tu gari likiwa kwenye mwendo, bila sauti, ihifadhi tukio na siyo safari nzima, na madereva wajue kwa jina ni nani ofisini anayeruhusiwa kufungua. Usingizi wenyewe utautibu kwa ratiba. Dereva aliyepewa siku zisizotosha hahitaji kamera ya kumwambia kwamba amechoka.

Kuhusu mkongwe wako. Hukuniambia sababu yake, lakini ninazijua hizi programu zinavyokuja, na naweza kukisia. Kila wiki inatoka karatasi ya alama: breki kali mara kadhaa, kona kali mara kadhaa, na kijana wa ofisini ambaye hajawahi kushika usukani wa semi anampigia mzee kumweleza aendeshe vipi. Programu inahesabu breki kali kwa kiwango kimoja kwa gari tupu na gari lenye mzigo, kwa barabara ya wazi na kwa katikati ya mji ambako bajaji inakuchomekea bila taarifa. Breki iliyookoa maisha ya mtu inaandikwa kama kosa. Kwa dereva ambaye sifa yake yote mjini ni mkono wake, hilo ni tusi, na mtu hujiuzulu kwa tusi upesi kuliko kwa mshahara mdogo. Mpigie simu wewe, si kijana. Mwombe arudi akusaidie kupanga viwango: wapi breki kali ni uzembe na wapi ni akili, gia gani na mwendo gani wa kushukia Kitonga na Mlima Nyoka. Kisha viingize viwango vyake kwenye programu. Nyingi zinakubali kugawa barabara kwa maeneo. Madereva wengine watakubali alama zilizopangwa na yeye. Zile zilizokuja na kifaa kutoka kiwandani hawatazikubali, na wala mimi nisingezikubali.

Tumebaki na yule wa kisu. Kabla ya chochote, fungua rekodi uone saa aliyokata na kiwango cha mafuta saa iliyotangulia na saa waya uliporudishwa. Ikiwa tangi lilipungua lita 150 katika pengo hilo, una kesi ya wizi, endelea nayo kama wizi. Ikiwa mafuta yako palepale, muulize swali moja: ilikuwa siku ya ngapi ya foleni? Nakwambia hivyo kwa sababu GPS peke yake hula umeme kidogo sana, lakini kamera mbili zinazoendelea kurekodi gari likiwa limezimwa ni mzigo mwingine. Siku mbili tatu za kuegesha zinaweza kumaliza betri za lori, hasa zikiwa zimezeeka. Foleni inasogea, gari haliwaki, walio nyuma wanapiga honi, na dereva anatafuta wa kumbusti kwa hela yake. Wengi wakifikia hapo wanatoa kisu, na fundi aliyekufungia vifaa bila kikata umeme cha kulinda betri ana lawama kuliko wao.

Vyovyote itakavyokuwa, usimfukuze kwa simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka uwe na sababu halali na utaratibu wa haki: umwandikie tuhuma, umpe muda wa kujibu, umsikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, ndipo uamue. Usipofanya hivyo, hata ukiwa na haki, atakushinda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na kwenye kikao hicho uwe na grafu ya tangi mkononi, pamoja na risiti ya fundi inayoonyesha kama kikata umeme kilifungwa au hakikufungwa.